Kifua cha Mzee Kingori

Kabla sijaanza, shika kitendawili hiki. Nilifuga mbwa alinde boma. Mwizi hakuja, fisi hakuja, na siku moja mbwa akaanza kula mlango. Akamaliza mlango akala ukuta, akamaliza ukuta akawageukia wenye nyumba. Mbwa huyo ni nani? Usiniambie ana kichaa, maana alipimwa. Usiniambie ana njaa, maana alikuwa anakula kabla ya watoto. Fikiria polepole. Ukishindwa utanipa mji, na mimi si mtu wa tamaa, sitaki Nairobi wala Nakuru. Nipe Majengo tu, Majengo ya Nyeri, nyuma ya msikiti, ploti ya vyumba kumi na viwili na choo kimoja.

Chumba cha nne ukiingia kilikuwa cha Theuri, fundi viatu, mtu wa maneno machache na misumari mingi mdomoni. Mkewe, Wakonyo, alipika githeri ya mahindi na maharagwe na kuiuza kwa bakuli kando ya barabara, mafundi wa jua kali wakila wamesimama. Mtoto wao wa kwanza, Muriithi, alikuwa Naivasha kwenye mashamba ya maua. Kabura, wa mwisho, alikuwa shule. Wa katikati ndiye Kingori, miaka ishirini, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kuanza kufundishwa kutengeneza redio, mpaka tumbo likamrudisha nyumbani.

Unajua kwa Wagikuyu mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la babu mzaa mama. Kwa hiyo Wakonyo hakumwita mwanawe Kingori hata siku moja. Alimwita Baba, kwa kuwa alikuwa baba yake amerudi. Na kijana, tangu ajue kuongea, alimwita mama yake msichana wangu. Watu wa ploti walizoea kusikia sauti ikitoka chumba cha nne, "Msichana wangu, chai iko wapi?" na mama mtu mzima akiitika kwa heshima, "Inakuja, Baba."

Mwaka wa tisini na nane ulipoanza, sauti hiyo ilikuwa imepungua. Mvua ilikuwa haijui kukoma na kuta zilikuwa zinatoa jasho. Kingori alikuwa amekonda, suruali ikishikwa na kamba ya katani, na kila saa alikuwa anasimama mlangoni kwa Jeniffer. Jeniffer ndiye aliyeachiwa ufunguo wa choo na mwenye ploti.

"Nipe ufunguo."

"Si umetoka huko saa hii?"

"Jeniffer, nipe tu."

"Hii choo ni ya watu thelathini, Kingori. Wewe umeifanya ofisi. Ama kuna mshahara unalipwa huko na hutuambii?"

Wanawake waliokuwa wakichota maji pale mferejini walicheka. Si kicheko cha ubaya, ni kile cha watu wanaongojea ndoo ijae. Jeniffer naye alikuwa na mkono ndani ya unga, akataka kwanza kuupangusa ndipo ashike ufunguo. Kingori alisema, "Tafadhali." Akasimama wima kabisa, kama mtoto wa shule wakati wa wimbo wa taifa, macho yake juu ya mabati.

Kicheko kilikoma. Wakonyo alitoka na leso, akamfunga kiunoni bila neno, akamshika mkono na kumrudisha chumbani. Aliporudi na karai, Jeniffer alikuwa amemfungulia mfereji mwenyewe. Hakuna aliyesema pole. Hilo ndilo lililomuuma Wakonyo, maana mtu husema pole kwa kitu anachoweza kukitaja.

Wiki hiyo hiyo mwenye ploti alituma neno: mgonjwa atumie ndoo, na hiyo ndoo isimwagwe mchana.

*

Miaka hiyo mtu akikonda hakuulizwa. Watu walikuwa na jibu tayari, na walilisema kwa vidole bila kufungua mdomo. Hezekiah, mchomeaji wa milango ya chuma, mteja wa Wakonyo wa miaka sita, alianza kupita.

"Hezekiah, leo hukuli?"

"Aai, leo niko na tumbo mbaya, Mama Muriithi."

Kisha alivuka barabara, akanunua chapati mbili, akazila akiwa amempa mgongo. Mpaka mwisho wa mwezi Wakonyo alikuwa anarudi nyumbani na sufuria nusu, na githeri hiyo hiyo ikawa chakula chao asubuhi, mchana na jioni, isipokuwa Kingori, ambaye mahindi yalikuwa yanamkata kama vioo.

Walimpima ukimwi hospitalini. Hakuwa nao. Theuri alipewa karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa shati, na kuanzia siku hiyo mtu wa maneno machache akawa mtu wa karatasi. Mteja akileta kiatu, Theuri alitoa karatasi kwanza.

"Soma mwenyewe. Kijana yangu ako sawa. Hapo chini, soma."

"Hapa imeandikwa negative, mzee," Hezekiah alimwambia siku moja, akiishika kwa ncha za vidole. "Negative si nzuri. Hata betri ukiangalia, negative ni ile upande mbaya."

"Wacha mchezo."

"Mimi nakuambia tu chenye kimeandikwa."

Theuri aliikunja tena karatasi mara nne, akairudisha mfukoni.

*

Daktari Njoka alikuwa mtu wa Embu aliyefanya kazi Nairobi, na kila Alhamisi ya pili alipanda Nyeri kuona wagonjwa wa tumbo. Alikuwa amempitishia Kingori ule mpira wenye taa, akaona vidonda, akakata vipande vya nyama vidogo kuliko chembe ya mchele. Sasa aliwaketisha wote watatu mbele ya meza yake.

"Kwanza, huyu kijana hana ukimwi."

"Niko na karatasi," Theuri alisema, mkono ukienda mfukoni.

"Weka tu, mzee. Ni mimi niliandika." Daktari alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Kuna magonjwa mbili hapa, na zinafanana kama mapacha. Moja ni TB ya matumbo. Ile nyingine haina jina kwa Kiswahili. Hata kwa Kiembu haina. Ni mwili unajipiga wenyewe. Tuko na askari kwa damu, wa kutulinda na maradhi. Kwa hii ugonjwa wanaamka bila adui, na wanapiga matumbo."

Sasa umemwona mbwa.

"Na wanaamshwa na nani?" Kingori aliuliza. Alikuwa amekalia mto aliokuja nao kutoka nyumbani.

"Hiyo ndio wasomi wanatafuta. Mama, wewe unaenda kanisa?"

"Naenda."

"Mko na kitabu cha nyimbo. Kitabu ni moja, nyimbo ni mia kadhaa, lakini Jumapili mnaimba tatu, nne. Zile zingine zimenyamaza. Mwili uko hivyo. Kila kipande cha nyama kiko na kitabu kizima ndani, lakini jicho linaimba zake, ini linaimba zake. Sasa kwa huyu kijana, matumbo inaimba nyimbo za vita usiku na mchana, na hakuna mtu wa kusema amina."

"Kitabu nilipewa na nani?" Kingori aliuliza.

"Na wazazi, na wazazi wao. Lakini kupewa si kuimba. Mtu anaweza kuwa na huo wimbo aishi miaka themanini na usiimbwe."

Kingori alimgeukia mama yake. "Msichana wangu, umesikia? Mlinipatia kitabu mbaya." Alisema akicheka. Wakonyo hakucheka.

Daktari alivuta kiti karibu. "Sasa sikilizeni, hapa ndio kuna shida. Dawa ya hii ya pili inalaza wale askari. Nikimpatia na kumbe ni TB, TB itammaliza kwa wiki chache. Nikimpatia dawa ya TB na kumbe ni hii nyingine, matumbo itaendelea kuoza mpaka itoboke. Nimetuma kipande kwa rafiki yangu ng'ambo, wasome ni nyimbo gani zinaimbwa humo ndani, lakini hiyo majibu ni miezi. Huyu hana miezi. Kwa hivyo nabaki kuuliza tu. Hii ya pili mara nyingi inatembea kwa familia. Nikipata hata mtu mmoja kwa ukoo mwenye alikuwa na tumbo kama hii, naanza dawa yake leo."

"Kwetu hakuna," Theuri alisema upesi. "Baba yangu alikufa na meno yake yote."

"Kwenu, mama?"

"Hakuna."

"Baba yako ako?"

"Alikufa. Mwaka wa uhuru."

"Alikufa na nini?"

"Kifua."

Kalamu ilisimama. "Kifua. Alikuwa anakohoa?"

Wakonyo aliangalia viatu vyake. Vilikuwa vimeshonwa na Theuri kwa uzi mweusi, na uzi mmoja ulikuwa umeachia. Nje, sista alikuwa anasoma majina ya watu wa foleni. Jina la kwanza likapita, na la pili.

Theuri alitaka kusaidia. "Wazee wengi wa vile vijiji vya emajensi walienda na kifua, daktari. Moshi, baridi."

"Ni kweli," daktari alisema. Akashusha pumzi kama mtu aliyepunguziwa mzigo, akaandika. Kulikuwa na TB kwa ukoo, na mizani ikalala upande huo.

*

Mzee Kingori, yule wa kwanza, alikuwa mzee wa kanisa. Wakonyo alipokuwa na miaka kumi na mmoja, katika kijiji kile walichofungiwa na Mwingereza wakati wa emajensi, nyumba zimebanana hata ukikohoa jirani anakuambia pole, mama yake alimwamsha kabla ya ndege na kumpa mzigo uliofungwa kwa ngozi. Akamwambia apeleke mtoni Chania, akafue pale chini kwenye mawe ambapo hakuna mtu, na asifungue njiani. Alifungua mtoni. Zilikuwa blanketi za baba yake. Maji yalitoka mekundu, kisha ya kahawia, kisha mekundu tena, na msichana akalia kwa kuwa alikuwa ameona uchi wa baba yake bila kumwona.

Alifua hivyo kwa miaka minne. Mzee aliisha taratibu, akisimama kanisani kushika sahani ya sadaka huku kiuno kimefungwa matambara matatu chini ya koti. Alipojua anakufa, aliita mkewe na msichana. Akawaambia, "Watu wakiuliza, nimekufa na kifua. Atakayeanika matandiko yangu mbele ya watu, azae azike."

Laana ya mzazi anayekufa inaitwa kirumi, na hakuna anayeifungua isipokuwa mdomo ulioifunga. Wakonyo hakuwa mjinga. Pale mbele ya daktari alielewa kila neno, vitabu na nyimbo na mapacha. Lakini aliona mambo mawili kwa pamoja: akinyamaza, pengine mwanawe atakufa, akisema, amemuua mwenyewe kwa mdomo wake. Mtu akiwekwa hapo, mguu hauinuki.

Kingori akaanza dawa za TB. Asubuhi ya pili alitoka na ndoo akiwa ameogopa, mkojo wake mwekundu kama soda. Waliambiwa ni dawa inafanya kazi. Theuri ndiye aliyempa vidonge, kimoja kimoja kwenye kiganja, kila siku kabla ya kwenda kwenye viatu, na alisimama hapo mpaka kijana ameze.

"Umemeza?"

"Nimemeza, mzee."

"Fungua mdomo."

Kingori alifungua, na Theuri aliangalia chini ya ulimi, kwa sababu sista alimwambia wengine wanaficha. Machi ikaisha, na Aprili. Kijana hakupata nafuu. Magoti yake yakawa makubwa kuliko mapaja.

*

Mwezi wa tano Wakonyo alienda Gatitu kwa miguu, kwa mama yake, Wakiuru. Bibi huyo alikuwa anapepeta maharagwe kwenye ungo, macho yamekwisha lakini vidole vikijua jiwe na vikijua haragwe.

"Yule mtoto anatoa damu," Wakonyo alisema. "Kama yule mwingine."

Ungo haukusimama. "Yule mwingine alikufa na kifua."

"Mama, daktari ameuliza."

"Daktari wa wapi?"

"Wa Embu."

"Embu. Sasa mtu wa Embu ndiye atafunua baba yako?" Alitoa jiwe, akalitupa kwa kuku. "Nilipika nikamlisha, nikamfunga matambara na hii mikono, miaka nane. Tukamzika na koti ya kanisa. Watu mia tatu. Na wewe unataka nifike huko na aniulize, Wakiuru, kwa nini mmenivua?"

"Kingori atakufa."

"Na ukisema, atapona?"

Wakonyo alikaa pale mpaka chai ikapoa. Alipoinuka kwenda, mama yake alimshika pindo la nguo.

"Aliyefunga ndiye hufungua," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Na yeye hayuko mbali. Si umempa jina? Si wewe ndio unamwita Baba kila siku, ama unamwita bure? Mwambie akutemee mate ya baraka. Akikutemea, sema. Mimi sitaki kusikia umesema namna gani."

*

Alimkuta Kingori wodini. Walikuwa wamemlaza Jumatatu. Joto lilikuwa limepanda na tumbo limekuwa gumu kama ubao wa kukatia nyama. Kitanda alikuwa anashirikiana na mzee wa Mweiga aliyelala kichwa upande wa miguu. Ilikuwa Jumanne, saa ya kuona wagonjwa, na Theuri alikuwa ameenda kutafuta maziwa.

Wakonyo aliketi akamwambia yote. Mto Chania, blanketi, matambara matatu, koti. Alimwambia kwa Kigikuyu, karibu na sikio, na alipofika pale pa azae azike, akasita, akamalizia.

"Kwa hivyo sisi wawili tulikuwa tunasumbuliwa na kitu moja," Kingori alisema. "Na mimi nilidhani ni choo ya Jeniffer."

"Baba, usifanye mzaha."

"Huyo mzee alikuwa anashika sahani ya sadaka hivyo hivyo?"

"Kila Jumapili."

"Alikuwa mkali." Alifunga macho. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama tope la kiangazi. Alipoyafungua hakuwa anacheka. "Ungesema, msichana wangu. Ile siku. Mimi nilikuwa hapo kwa kiti. Ungenikanyaga tu mguu."

Wakonyo aliinamisha kichwa. Hakuna kofi linalouma kama hilo, lililotolewa polepole na mtu asiye na nguvu za kupiga.

"Nitolee neno," alisema. "Nitemee mate, nikiambie kile kifungo kiishe. Wewe ndiye mwenyewe."

Aliweka viganja vyake viwili chini ya kidevu cha mwanawe, kama anakinga maji. Kingori, aliyesoma mpaka kidato cha nne, aliyejua umeme unavyopita ndani ya waya, alimwangalia mama yake akiwa amekinga mikono, na hakumwambia hayo ni mambo ya zamani. Alijaribu. Alikusanya mdomo, akajaribu tena. Hakukuwa na mate. Mwili ulikuwa umekauka, dripu iliisha asubuhi na hakuna aliyebadilisha.

Mzee wa Mweiga alikuwa anatazama kutoka upande wa miguu. Alinyoosha kikombe chake cha chai bila kuuliza kitu. Wakonyo alichovya ncha ya leso, akamlowesha mwanawe midomo, akangoja, akalowesha tena. Mara ya tatu mate yakatoka, kidogo, yenye rangi ya chai. Yakaanguka kwenye kiganja cha kushoto.

"Sema," Kingori alisema. "Mimi Kingori nimekubali, sema."

Wakonyo alijipaka mate hayo kifuani ndani ya blauzi, akaenda moja kwa moja kwa sista mezani.

"Sista, niko na neno ya daktari Njoka."

"Daktari Njoka ni Alhamisi, mama. Leo ni Jumanne."

"Ni neno ya haraka."

"Basi andika hapa, atapata." Sista alimsogezea karatasi na kalamu, akarudi kwenye daftari lake. "Ama niambie mimi."

Sista alikuwa msichana wa umri wa Muriithi, na nyuma ya Wakonyo kulikuwa na foleni ya watu saba, wawili kati yao kutoka kanisani kwake. Alishika kalamu. Alijua kuandika, alisoma mpaka darasa la tano. Aliandika neno Baba. Kisha akaona jinsi lilivyokaa peke yake juu ya karatasi, likingoja aliwekee matandiko, na watu saba nyuma wakitazama mkono wake.

"Nitangoja Alhamisi," alisema.

Jumatano, kabla ya chakula cha mchana, utumbo ulitoboka. Walimkimbiza kupasuliwa. Theuri alisimama nje ya mlango ule na chupa ya maziwa, na alipoambiwa kijana amekufa hakuelewa, akauliza kama maziwa yaachwe hapo ama arudi nayo.

*

Mwezi wa nane daktari Njoka aliwaita. Barua ilikuwa imefika kutoka ng'ambo. Theuri alikuja na shati lile lile, na karatasi ilikuwa bado mfukoni, sasa imechakaa kwenye mikunjo mpaka inapitisha mwanga. Wakonyo alikuwa amefunga kitambaa cheusi.

Daktari hakuwa na tabasamu hata la kuanzia. "Wamesoma kile kipande. Zile nyimbo nilikuwa nawaambia, za vita, zote zilikuwa zinaimbwa kwa nguvu. TB wameitafuta. Hawakuona hata chembe."

Theuri alishika mfuko wa shati. "Kwa hivyo zile vidonge?"

"Hazikuwa za ugonjwa wake."

"Mimi nilimpatia na mkono yangu. Kila asubuhi. Nilikuwa namwambia fungua mdomo."

"Mzee, ni mimi niliandika. Si wewe."

"Nilikuwa naangalia mpaka chini ya ulimi," Theuri alisema, kama hakusikia. Alitazama viganja vyake, akavigeuza, akavificha katikati ya magoti.

Wakonyo alikuwa amekaa wima. Alikuwa ameoga mara nyingi tangu siku ile, na bado pale kifuani, chini ya blauzi, alipojipaka mate, palikuwa na baridi.

"Sikuwaita niwaongezee machungu," daktari alisema. "Lakini mko na watoto wengine wawili. Mmoja wao akianza kuumwa na tumbo, sitaki tena kubahatisha. Nataka kujua kitabu kimetoka wapi." Alifungua faili, akarudi mpaka ukurasa wa kwanza. Hakutazama mtu. "Hapa niliandika, babu mzaa mama, kifua. Halafu niliuliza kitu na sikupata jibu. Nakumbuka nikiuliza, mama, na nilikuona ukiangalia chini, na nilikuwa na watu arobaini kwa foleni. Hiyo ni makosa yangu, nitabeba."

Akafunga kalamu kifuniko, akailaza juu ya meza, mbali na mkono wake.

"Ukitaka sitaandika. Nauliza tu. Alikuwa anakohoa?"

Nje, sista alikuwa anaita majina. Theuri aliinua kichwa, akamgeukia mkewe taratibu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia mlango wa nyumba yake ukifunguliwa kutoka ndani.

"Hapana," Wakonyo alisema. "Hakukohoa hata siku moja."